Dada, Kumbe Wewe ni Mkazi

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Novemba

Kwako Dada yangu Candida,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, baridi ya Istanbul isiwe imekuanza vibaya, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kiwe kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Josepha anakusalimu sana, mtoto ameota jino la tatu na sasa anauma kila kinachopita karibu yake. Baba na Mama kule Kilema wanaendelea vizuri, isipokuwa macho ya Baba ambayo yanazidi kufifia. Joto la Dar usiulize. Mchana hapa Kariakoo ukisimama dakika tano bila kivuli unatamani kurudi Moshi kwa miguu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye hata siku yako ya kuzaliwa anakutumia kikatuni cha keki basi. Humu ndani mna fomu mbili zinazotaka sahihi yako ya kalamu, na Mama Moza, yule jirani yangu wa nguo za watoto, anapanda ndege Alhamisi kuja huko kufuata mzigo, kwa hiyo nimempa bahasha akukabidhi mkononi. Lakini hata kama fomu zisingekuwepo ningeandika. Nina habari kubwa, dada, na nikikupigia simu utaanza kuniuliza maswali katikati na mimi nitasahau nusu. Kwa hiyo keti, weka chai, soma mpaka mwisho. Nakuomba sana ufike mwisho, usije ukaishia katikati kwa furaha.

Nianze na ule ujumbe wako wa mwezi wa tisa. Uliandika kwamba umechoka, kwamba kila ankara unayompelekea Mzee Abdulkadiri inarudi imekatwa asilimia kumi na tano ya kodi, kwamba huko nako wanataka ya kwao, na kinachobaki hakitoshi hata nauli. Ukasema Krismasi hii hutakuja, na mwakani huenda ukaachana na kazi ya mapazia ukaenda kufua mashuka hotelini. Nilikuwa nyumbani Kilema siku ile. Nilimsomea Mama ujumbe wako nikaruka sehemu ya Krismasi. Baba aliyekuwa amekaa kibarazani akasema mbona unasoma haraka, hebu rudia. Sikurudia, nilijifanya chaji imeisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na maneno yako kichwani. Watu wakiniuliza dada yako anafanya nini Uturuki, nawajibu kwa kirefu kwa sababu kwa kifupi naonekana mwongo. Nawaambia hajaajiriwa na mtu. Anaingia kwenye karakana za mapazia na mazulia, anapima, anavuta nyuzi, anakataa yaliyopauka, anasimamia kontena likifungwa, halafu mwisho wa mwezi anaandika ankara kwa kampuni ya Mzee Abdulkadiri hapa Kariakoo inayouza mzigo huo. Hana likizo wala bima, anajitegemea mwenyewe. Wao wanasema kumbe ni dalali wa heshima. Nawaambia ndiyo, ila dalali anakula kotekote, huyu wangu anakatwa kotekote.

Sasa, wiki mbili zilizopita Mzee Abdulkadiri alinipigia akaniambia nifike ofisini nikiwa na nakala ya pasipoti yako, ile uliyonitumia nikutunzie. Nilidhani anataka kuachana na wewe kabla hujaachana naye. Nikamwachia jirani mabegi ya shule ninayouza ayaangalie, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, maana lifti ya jengo lile bado ni pambo la ukutani. Nikamkuta mzee amekaa katikati ya majora ya mapazia, na mbele yake yuko dada mmoja mwembamba, mtandio wa kijani, anaongea kama mtu anayekimbizwa. Anaitwa Zulekha. Ni mshauri wa kodi, mzee amemchukua baada ya mhasibu wake wa zamani kurudi Tanga kulima machungwa.

Zulekha alikuwa ameshapitia ankara zote za mwaka, akasimama kwenye zako. Alitaka kujua huyu Candida ni nani anayekatwa kodi ya zuio mara tatu ya watoa huduma wengine. Mzee akamjibu kwamba huyo ni binti yetu wa Uturuki, si mkazi wa nchi hii, na asiye mkazi hukatwa kumi na tano badala ya tano, sheria ndivyo ilivyo. Zulekha akakubali kwamba sheria ndivyo ilivyo. Kisha akauliza nani aliyesema kwamba huyu dada si mkazi.

Mzee akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, kama vile jibu liko mfukoni mwangu. Likafunguliwa faili lako la zamani, na ndani yake tukakuta ile fomu uliyoijaza miaka sita iliyopita ulipoanza kazi. Pale penye mkazi na asiye mkazi umetia alama asiye mkazi, kwa ule mwandiko wako mzuri wa shule ya masista. Nilicheka mpaka mzee naye akacheka. Ulikuwa na mwezi mmoja tu Uturuki na tayari umeshajiona mgeni wa nchi yako. Mhasibu wa zamani naye alitazama anwani ya Istanbul, akatazama alama yako, akaishia hapo, na toka siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Zulekha akachana kipande cha boksi akaniandikia ili nielewe. Kwenye kodi, alisema, ukazi si mahali unapolala leo. Mtu anaweza kuwa mkazi kwa kuhesabiwa siku alizokaa nchini kwa mwaka, na wewe kwa siku hufiki. Kuna hesabu nyingine ya kuangalia na miaka iliyotangulia, huko pia hufiki. Lakini ipo njia nyingine. Mtu mwenye makazi yake ya kudumu hapa nchini, na ambaye amekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, ni mkazi kwa mwaka huo. Nikamuuliza sehemu yoyote maana yake nini. Akasema maana yake yoyote. Nikamuuliza hata wiki mbili za Krismasi. Akanijibu kwamba sheria haiijui Krismasi, inajua umekanyaga nchi au hukukanyaga.

Nikasimama. Sijui nilisimama niende wapi, nilijikuta tu nimesimama. Dada, unaona mambo hayo? Sisi Wachaga tunachekwa mji mzima kwa kupanda mlimani kila Desemba. Wanatutania kwamba mtu akitaka kupumua Dar angoje tuondoke, kwamba hata maduka yetu yana homa ya Krismasi. Kumbe safari hiyohiyo ndiyo imekufanya uwe mkazi miaka yote. Mihuri iko kwenye pasipoti, Zulekha aliifuata kwa kidole mmoja baada ya mwingine, Desemba, Desemba, Desemba. Umekuwa ukikatwa kodi ya mgeni huku unakula kiburu cha ndizi na maharage nyumbani kwenu.

Zulekha hakuniacha nishangilie muda mrefu. Alisema mkazi hasamehewi kodi, asije mtu akaenda kutangaza hivyo mtaani. Ile asilimia tano si mwisho wa safari. Mkazi mwaka ukiisha anapeleka ritani, anaeleza mapato yake yote, anatoa gharama za kazi, kisha anatozwa kwenye faida, na kuna watu ambao kwa hesabu hiyo wanaumia kuliko mwanzo. Ila kwako wewe, akizichukua zile nauli zako za kwenda karakana za mbali, na pango la kile chumba unachohifadhia sampuli, na simu na intaneti, anaona utalipa kidogo sana kuliko unavyokatwa sasa. Alipiga hesabu mbele yangu mara mbili. Yale ya miaka ya nyuma alisema ni safari nyingine yenye fomu zake, tusiyategemee, tuanze na mwaka huu. Na ya huko Uturuki alisema hayajui na hatabahatisha, utafute mtu wa huko akueleze, usije ukaendelea kuwa ng'ombe anayekamwa na nyumba mbili. Nilimheshimu kwa hilo. Hapa Kariakoo mtu kusema sijui ni bidhaa adimu.

Ila kuna jambo. Mwaka jana uliondoka tarehe 29 Desemba ukikimbilia nauli nafuu, kwa hiyo mwaka huu hujakanyaga nchi hata siku moja. Zulekha alisema usipoingia kufikia tarehe 31 Desemba, mwaka huu wewe ni mgeni kweli na yale makato yatabaki yalivyo. Ukiingia hata jioni ya tarehe hiyo, umo. Kwa hiyo dada, sheria ya kodi inakutaka nyumbani Krismasi. Mama akiambiwa hili atasema serikali imeanza kusali.

Mzee Abdulkadiri muda wote alikuwa anakunjakunja kona ya pazia. Mwishowe akasema anaona haya, maana makato yale yametoka ofisini kwake na yeye ndiye aliyekuwa akiweka sahihi bila kuuliza. Akasema tiketi ya kuja na kurudi atalipa yeye. Sharti lake ni moja, kabla hujapanda mlimani ukae siku nne dukani kwake uone kwa macho yako wateja wanataka nini, kwa sababu akina mama wa sasa wameanza kulikataa lile pazia la dhahabu, wanataka kijivu, na yeye ana kontena zima la dhahabu. Aliniambia nikwambie kwamba hilo si sadaka, ni kazi. Mzee yule nampenda, basi tu sina cha kumpa.

Swali la mwisho la Zulekha lilikuwa kama huyu dada ana makazi ya kudumu nchini au anakuja kulala kwa watu. Hata hakumaliza. Nilimjibu kwa kifua mbele kwamba dada ana nyumba ya vyumba vitatu kwenye kihamba cha Baba, shamba letu la ukoo, bati la kijani, vigae sebuleni, maji ndani. Akafurahi. Akasema basi nimletee karatasi, si lazima iwe hati, hata barua ya kijiji yenye jina lako inatosha kumaliza ubishi. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nikamshukuru, nikamshukuru mzee, nikaanza kushuka zile ngazi naimba.

Nilienda moja kwa moja mpaka Mchikichini kwa Josepha. Nilimkuta kwenye meza yake ya viatu vya mtumba anabishana na mteja, nikamweleza yote palepale, kumi na tano na tano, mihuri, tiketi ya mzee, na wewe kufika Krismasi. Kwa furaha alimwachia yule mteja raba kwa bei aliyoitaja mteja mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimuoe. Akasema wifi akija safari hii atampikia mwenyewe. Kisha akaniuliza wifi ana nyumba ipi ya kuandikiwa karatasi, na kama ni ile ya Kilema, kwani si ipo hati?

Dada, sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nianze kuandika. Nitasema moja kwa moja maana nikizunguka tena sitarudi.

Hati ipo. Ina jina langu.

Ni miaka mitatu sasa. Wapimaji walikuja kijijini kupima vihamba ili watu wapewe hati miliki za kimila. Mimi nilikuwa nyumbani wiki ile, na Baba kwa ajili ya macho yake akaniambia nishughulike na wale watu. Wakapima cha Baba, wakafika kwenye kipande alichokupa wewe ujenge, wakauliza hapa pana nani. Nikasema andika Bryson. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijiambia kwamba mimi ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumbani. Nilijiambia wewe ni mtoto wa kike, uko Uturuki, utaolewa huko na nyumba itabaki tupu. Nilijiambia mengi. Karatasi zilipokuja Baba aliweka sahihi pale nilipoweka kidole, na sikumsomea.

Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo naona aibu zaidi kuitaja. Wazee wa akina Josepha walikuwa wanakuja kuangalia nyumbani kwa huyo kijana anayetaka binti yao. Mimi nilikuwa na nusu fremu ya kuuzia mabegi na chumba cha kupanga Buguruni. Nikawafungulia mlango wako nikawaambia karibuni kwangu. Wakakaa kwenye makochi yako, wakasifu vigae, wakasema kijana amejipanga. Nikaitikia. Mahari yenyewe, dada, ilipungua kwa ajili ya nyumba yako.

Tangu hapo kila Krismasi mimi na Josepha tumelala chumba kikubwa, na wewe umelala kile chumba kidogo pamoja na mashangazi na magunia ya mahindi, ndani ya nyumba ambayo kila mfuko wa saruji ulitoka kwenye ankara zako, tena baada ya kukatwa. Ulisema waacheni maharusi wapate nafasi. Mwaka uliofuata sisi hatukuwa maharusi tena, ukasema vilevile. Mwaka jana asubuhi nilikusikia ukikohoa vumbi la mahindi, nikavuta blanketi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hati.

Kwa hiyo Josepha aliponiuliza pale Mchikichini, nilimwambia kila kitu. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akakiweka chini taratibu. Hakupiga kelele. Alisema amekuwa akiletewa maji ya kuoga na wifi yake kama mgeni wa heshima, kumbe yeye ndiye aliyepaswa kuyapeleka. Alisema njia ya mwongo ni fupi, ila ya kwangu imekuwa ndefu kwa sababu watu walinipenda. Kisha akafungua mkoba, akahesabu nauli ya basi la Moshi, akanipa. Kesho yake alfajiri niliondoka.

Baba nilimkuta kibarazani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana niliona si vizuri kukaa. Alinisikiliza, kisha akasema rudia, na safari hii nikarudia, neno kwa neno. Alichosema baada ya hapo nitakuandikia kama alivyokisema. Alisema macho yake hayaoni tena kusoma wala kupalilia kahawa, kitu pekee ambacho bado anakifanya vizuri bila kuona ni kuandika jina lake, na mimi nimelichukua jina hilo nikalibandika kwenye uongo. Mama alikuwa jikoni, akaacha kukoroga. Nilipiga magoti na Baba hakuniambia ninyanyuke.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Baba aliniamsha akanipa panga, akaniambia nikakate vipande vya masale, mmea wetu wa mipaka, kwenye uzio wa chini nije nivipande kuizunguka nyumba yako pande zote nne, ionekane mpaka wake uko wapi. Udongo ni laini, vuli imeanza vizuri. Akajiwekea kiti pembeni ya njia. Unaijua njia ile, kila mama anayekwenda kuuza ndizi anapita pale. Wakawa wanasimama wanamsalimu mzee, wanauliza mpaka huu mpya ni wa nani tena. Baba anawajibu muulizeni anayepanda. Nami nikawa nawajibu kwamba hapa ni kwa Candida, nilikuwa nimepachukua. Niliwajibu watu kama arobaini siku ile. Wale wa kwanza niliwajibu nikiangalia chini. Mzee Steven wa jirani alicheka mpaka akashika mti, akasema padre amehangaika na sisi miaka yote tuungame, kumbe alikuwa anahitaji tu mtu wa kodi.

Jumatatu tulikwenda wote wawili ofisi ya kijiji, mimi na Baba, nimemshika mkono. Niliandika maelezo yangu, Baba akaweka sahihi baada ya mtendaji kumsomea kila mstari, na akaomba asomewe mara ya pili. Barua ya kijiji imetoka, ina muhuri na jina lako, inasema nyumba ni yako na ndiyo makazi yako. Nimeshampelekea Zulekha. Nilimwambia pia kwa nini ilichelewa, maana sikutaka asikie kwa mwingine. Aliniangalia, akaitia kwenye faili, akasema tarehe 31 isisahaulike. Hati yenyewe itabadilishwa kwa kikao cha halmashauri ya kijiji mwanzoni mwa Desemba. Fomu moja humu ni ya kikao hicho, ya pili ni ya kodi, ya kubadilisha ile alama uliyoitia mwenyewe. Mama Moza anarudi baada ya siku nane, atakufuata azichukue.

Tia sahihi zote mbili, dada, hata kama umenikasirikia kiasi cha kutotaka kuniona. Nyumba hairudi kwako kwa sababu umenisamehe. Inarudi kwa sababu ni yako.

Katikati ya fomu hizo utakuta jani la sale. Nimelikata kwenye mpaka wako mpya. Huenda likakufikia limekauka, lakini utalijua. Wewe ndiye mkubwa, huna haja ya mimi kukufundisha kwamba kwetu aliyekosa akipeleka sale, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Nimekaa na jani hili mezani siku mbili najiuliza nikuletee au nisikuletee. Nilichukua nyumba yako kwa kuegemea mila. Sitaki kuchukua na msamaha wako kwa kuegemea mila hiyohiyo. Kwa hiyo limekuja kama jani tu, halikulazimishi kitu. Ukilitupa sitasema umevunja desturi, na Baba nimemwambia hivyo.

Chumba kikubwa tumekiondolea kitanda chetu. Josepha amemwomba Mama akipige deki na akifunge, na magunia yamehamia ghalani. Sisi Desemba tutalala kwa Mama. Njoo tu, dada. Njoo kwa ajili ya kodi, njoo kwa ajili ya pazia la kijivu la Mzee Abdulkadiri, njoo kwa ajili ya Baba ambaye sasa kila siku anauliza ni siku ngapi zimebaki. Njoo hata kama si kwa ajili yangu. Mimi asubuhi ya Krismasi nitakuja mlangoni kwako nibishe hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwenye nyumba ile. Ukinyamaza nitaelewa, nitarudi kwa Mama, na mwaka mwingine nitabisha tena.

Pokea salamu za Josepha, za mtoto na meno yake, za Baba na Mama, za Mzee Abdulkadiri, na za Zulekha ambaye anasema utunze kila risiti, hata ya chai. Wasalimie rafiki zako wa huko, yule mama wa karakana anayekupa zeituni hasa. Vaa soksi nzito. Mungu akulinde barabarani na angani.

Ni mimi mdogo wako,
Bryson Onesphory